Buluu ya Wacława

Duka letu liko Łódź, mtaa wa nyuma ya kituo cha tramu,
kati ya fundi viatu na mwuza vifungo.
Tunachapa kadi, risiti, menyu za mikahawa,
na matangazo ya misiba, yale yanayobandikwa milangoni
ili jirani ajue nani hatashuka tena ngazi.

Januari ile aliingia Bwana Ludomir Szczygieł,
theluji ingali mabegani, picha ndani ya bahasha.
Mkewe. Koti la buluu.
Nikaipitisha kwenye skana, nikaifungua kwenye skrini.
Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kiooni:
"Ndiye. Huyo huyo. Chapa."

Printa ikakohoa, ikatoa.
Akaitazama karatasi kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Buluu imekuwa ya maji ya kufulia.
Na jina, Mungu wangu, jina:
Wac, kisha awa, na katikati, palipokuwa na ł,
kijisanduku kitupu.

"Umemweka sandukuni mara mbili," akasema.
Hakucheka. Mimi pia.

Nikamweleza, kwa sababu kueleza ndiyo kazi inayobaki
mtu akishindwa kufariji.
Skrini ni taa, Bwana Ludomir.
Buluu uliyoiona ilikuwa inawaka yenyewe.
Karatasi haina taa. Karatasi hukopa:
hungoja mwanga wa dirisha, wa balbu, wa mshumaa,
na wino kazi yake ni kupunguza,
kila tone humeza kidogo, hurudisha kilichosalia.
Ziko buluu ambazo taa inazijua
na wino haujapata kukutana nazo.
Nikiuagiza, hufanya kama mtoto aliyetumwa dukani,
akakuta imekwisha, akaleta inayofanana.

"Na herufi?"
Fonti. Kompyuta inayo; printa hii ya kizee
ina zake ilizozaliwa nazo, haikufundishwa Kipolandi.
"Na 'mpendwa', mbona limeshuka mstari wa chini, peke yake?"
Upana wa herufi hautoshani.
Hapa unywele, pale unywele,
hata mwisho wa mstari neno moja linakosa kiti.
"Na huu weupe pembeni?"
Magurudumu lazima yashike mahali.
Milimita nne, kila upande. Hapo wino haufiki.

"Basi kile ulichonionyesha kilikuwa nini?"
Ahadi, nikasema,
na papo hapo nikajuta.

Nikarekebisha. Nikageuza herufi zote kuwa michoro,
ł ikarudi na kijiti chake kifuani.
Karatasi nyingine, ile nzito inayong'aa.
Chapa ya pili ikaiva mno, zambarau kama jeraha la juzi.
Ya tatu akanipokonya kabla sijaitazama,
akaipeleka dirishani,
akakaa nayo kitambo kirefu
katika mwanga wa saa tisa uliokwisha kuchoka.

"Hii," akasema, "ni baada ya kufuliwa miaka kumi na tisa.
Viwiko vilikuwa hivi.
Ile ya kwenye kioo ni ya siku alipolinunua,
na siku hiyo sikuwepo."

"Mpendwa" akaniambia niliache pale lilipoanguka.

Nakala kumi na mbili. Akahesabu sarafu moja moja.
Akavaa glavu, akavua.
"Na yule?"
Wacława alikuwa bado anawaka nyuma yangu,
buluu kali, haina mkunjo, haina ukingo.
Nikasema: hujizima yenyewe,
baada ya dakika kumi, mtu asipogusa kitu.

Akavuta kiti.

Sikugusa kipanya.
Simu ililia, nikaiacha ilie.