Kabla ya Lango

Seti ya kwanza niliinunua dukani, Baia Mare:
patasi kumi na mbili, mipini ya plastiki ya buluu,
zimelala kwenye povu jeusi kama meno ya mtu asiyecheka.
Bei yake, siku mbili za kuinama Uhispania nikichuma stroberi.
Muuzaji alisema, humu mna kila kitu.
Kweli. Kila kitu, isipokuwa chuma.

Jumatatu, juu ya pande la mwaloni,
ya tatu ilipinda ncha kama mshumaa uliosahauliwa juani,
ya tano ikameguka.
Gavrilă jirani alipita na ndoo ya maziwa,
akachungulia juu ya ua, hakusema neno.
Kimya chake kilikuwa na makali
kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Lango la kwetu linaoza miguu.
Nguzo tatu, jua la kuchongwa,
kamba iliyosokotwa ndani ya mti na mkono wa baba;
na zana zake kaka yangu Toader aliziuza
mwaka nilipokuwa mbali, kwa bei ya pipa la dizeli.
Simlaumu. Namlaumu kidogo, siku za mvua.
Kwetu penye miti wajenzi walikuwapo:
wamekwenda Italia kubeba zege.

Alhamisi nikapanda basi la alfajiri hadi gulio la Sighet,
ambako Ghizela hutandika turubai
na kumwaga vyuma kuukuu kama mtu amwagaye viazi:
tezo, randa, keekee, tupa, misumeno vibogoyo,
juba pana kama ulimi wa ng'ombe.
Nataka vya kuchongea, nikasema.
Kuchonga nini?
Lango.
Akacheka mpaka akakohoa.
Umewahi kuchonga mwiko?

Sijawahi.

Basi unataka mwiko, akasema.
Shoka dogo la kupunguza, kisu cha kufuata,
kisu kilichopinda cha kuchimba tumbo. Na kinoo.
Kinoo kwanza! Asiye na kinoo ana vyuma tu.
Kisha akajaribu kuniuzia msumeno wenye kutu
kwa bei ya mpya,
kwa hiyo sikumwamini yote.

Nikapiga magoti kwenye tope,
nikashika mpini mmoja mmoja, nimefumba macho.
Shoka la kwanza lilinivuta chini
kama mtoto asiyetaka kwenda shule.
La pili jepesi mno, lingerukaruka juu ya fundo.
La tatu, sijui nisemeje.
La tatu lilikaa.

Na palikuwa na patasi, mpini wa mti wa mpeasi,
umelika upande mmoja, palipozoea dole gumba la mtu,
mtu wa mkono wa kushoto.
Baba alikuwa wa mkono wa kushoto.
Nikaigeuza, moyo ukigonga, nikaitafuta alama yake,
misalaba miwili aliyoichoma kwa msumari wa moto.
Hapakuwa na msalaba.
Palikuwa na herufi mbili za mtu nisiyemjua
na doa la rangi ya kijani.

Haikuwa kwenye orodha ya Ghizela.
Niliinunua hata hivyo, kwa kuwa niliigonga kwa ukucha
ikalia safi, na makali yake yalininyoa vinyweleo vya mkono.
Mimi ni wa kulia. Dole langu halilipati shimo lile.
Litachimba lake.

Usiku kucha jikoni: maji, mviringo, maji,
mpaka mama akagonga ukuta.
Seti ya buluu nimempa mtoto wa Gavrilă,
afungulie makopo ya rangi.

Sasa kumekucha. Juu ya gogo, tawi la mti wa plamu
lililovunjwa na theluji ya Machi.
Nimeuchora mwiko kwa penseli, vibaya,
shingo nene kama kifundo cha mguu.
Lango limeegemea waya wake, halina haraka.
Nimelishika shoka karibu na kichwa.
Kuku wananitazama.
Haya.