Kiatu cha Albury

Saa nane za usiku tumeshushwa Albury,
mke wangu Thirza na blanketi, mtoto begani,
kuku wa shangazi akiguna kapuni,
kwa kuwa reli za Victoria ni pana
na za New South Wales zimebana:
kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Noonan mpagazi anatema mate relini.
"Nchi moja, bendera moja,
nami naibeba yote mgongoni
kutoka behewa hadi behewa."

Nacheka. Thirza hacheki.
Mwaka ule wa mafuriko
waziri wa jimbo letu alikuja na buti zake,
akazama topeni mpaka magotini,
na kabla ya mavuno tukawa na daraja.
Serikali kuu, aniambia,
ingetuma fomu.

Kengele inalia. Tunapanda.
Ndipo mguu mmoja wa mtoto unaonekana mtupu:
kiatu kimebaki kule, kwenye treni ya kwanza,
hatua hamsini tu, taa zake bado zinawaka.

"Andikeni barua Melbourne," asema Noonan.
"Kiatu kile hakimo katika mamlaka yetu."