Sekunde ya Kumi na Moja

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingoni
bila kuombwa na mtu.
Borbála Kecskés amezima taa za maabara
ili aone vizuri.

Chini ya lenzi chembe sahani zimelala,
vijisahani visivyo na kiini, vya kuishi siku kumi tu,
kila kimoja kimefungia kalisi ghalani
kama bahili afichavyo akiba.

Anadondosha peptidi. Tone moja.
Si neno refu, asidi za amino sita,
lakini hodi yake inajulikana:
kipokezi kinaitika karibu,
ghala linafunguka, kalisi inamwagika,
kijani kinawaka,
na chembe iliyokuwa duara inaota mikono
imshike jirani.
Sekunde ya tatu. Damu ya Gergő, mwanafunzi, mzima kama chuma.

Bomba la pili halina jina, lina herufi: B.
Mwenye damu hii alijikata asubuhi akimenya viazi,
na hata saa sita taulo ya tatu ilikuwa ikilowa.
"Si kitu, mwanangu," alisema,
kidole juu kama anayeapa.

Tone lilelile. Hodi ileile.
Tatu. Tano. Nane. Giza.
Kumi na moja: nuru moja, hafifu, pembeni,
kisha pampu zinairudisha kalisi ndani
kabla haijasema lolote.

Basi hodi imesikika.
Ghala ndilo tupu? Au ni bawaba?

Anaandika saa.
Anavuta tone jingine, mkono hautulii.