Baki

Juni, Uyole. Ukungu umelalia mabati
na vidole vyangu havijaamka.
Juu ya duka la mbolea, chumba cha kompyuta nne;
moja haina herufi K, ndiyo yangu.
Mwalimu Ngwisa anajivuta ndani ya koti, anasema:
kigeu ni gunia lenye jina.
Tangaza jina. Sema litabeba nini.
Namba kamili? Basi kamili tu, usilitie vipande.
Halafu ndipo ulijaze.

Nikaandika debe. Nikaandika bei.
Moja nikasahau kulitia kitu,
nikaliamuru litaje lilichonacho,
likataja namba ndefu nisiyoijua,
masalia ya aliyelala humo kabla yangu.
Nilipomsimulia mama hakushangaa:
gunia la mtumba hukung'utwa kwanza.

Kompaila haibembelezi.
Ni kama mizani ya barabarani,
lori zima kando, tani kumi za viazi,
kwa karatasi moja.
Mstari wa nne, ikasema, nukta mkato.
Nikatia.
Mstari wa tisa.
Nikatia.
Ikanyamaza,
na kimya chake ndicho kibali cha kupita.

Bei ya gunia, elfu sitini na tano.
Nilichagua kigeu kifupi, nikijiona mbana matumizi;
kikajaa, kikazunguka kinyumenyume,
kikaandika: hasi mia tano thelathini na sita.
Yaani mnunuzi abebe viazi vyetu
na sisi tumwongeze nauli!
Ambakisye alicheka mpaka akapaliwa.
Lumbesa, akasema mwalimu,
humu haikamatwi na mgambo. Inajipasukia.

Kuna mstari mmoja ambao mwalimu wangu wa darasa la nne
angenichapa kwa ajili yake:

debe = debe - 1;

Tangu lini kitu kikalingana na chenyewe
kilichopungua?
Nilimwonyesha mama kwenye daftari,
nikamsomea polepole, nikitarajia abishe.
Alikuwa anamenya, hata kisu hakukiweka chini.
Mbona ndivyo ilivyo, akasema.
Asubuhi saba, adhuhuri sita,
na gunia ni lile lile.

Basi nikapata kiburi.
Jioni ile lumbesa imeshuka kutoka Isyonje,
madebe saba, mtaji wa watu wawili,
mama na mama Tusajigwe.
Msihangaike kupima, nikasema,
saba gawa kwa mbili, nimeshaiuliza mashine.
Tatu.
Tatu na nini?
Tatu, basi.
Mama Tusajigwe akashika kiuno:
na debe la saba kalila nani, hiyo mashine yenu?

Sikuwa na jibu.
Namba kamili haijui nusu; hukata
na haisemi imekata.
Wao wakamwaga debe la saba juu ya turubai,
wakachuchumaa, taa ya simu katikati,
kikubwa kwa kikubwa, kidogo kwa kidogo,
chenye jicho kwa chenye jicho,
bila kutazamana, bila kuhesabu kwa sauti,
baridi ikipanda kutoka ardhini kwenye magoti yao.
Kikabaki kimoja.
Kila mmoja akamsukumia mwenzake.
Mwishowe mama akakifukia jivuni.
Hicho, akasema, cha mwanafunzi.

Kesho yake mwalimu akatufundisha alama ya asilimia,
ambayo humu haina habari na asilimia:
inakupa kilichosalia mgawanyo ukiisha.
Nikatangaza kigeu, nikakiita bai,
kwa sababu ya ile K.
Saba kwa mbili.
Kompaila ikanyamaza. Skrini ikaandika 1,
nami bado nina jivu kwenye fizi.