Uzi wa Taa Kumi na Sita

Chomoa kwanza, baba alikuwa akisema,
ndipo uulize.
Nimechomoa. Nimeuweka uzi mzima mezani
kati ya unga na bakuli la mbegu za mpopi,
nao umejikunja kama kitu kilicholala mwaka mzima
bila kuota ndoto yoyote ya maana.

Ghorofa ya nne, Łódź, Desemba ishirini na tatu.
Nje tramu inakwaruza kona, theluji ya jana imekuwa tope.
Balbu kumi na sita zenye umbo la koni ya msonobari,
rangi imebambuka, plagi ina ufa
uliozibwa kwa gundi na mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kijana wa dukani alicheka: nunua mpya, mama,
bei yake haifiki kilo ya siagi.
Najua. Lakini hizo mpya kila moja na njia yake;
ikifa moja, jirani yake hata hageuki.
Hizi za kwetu zimeshikana mikono.
Umeme hupita kwa ya kwanza ndipo uifikie ya pili,
na moja ikiachia, zote gizani.
Samaki mmoja akioza... ndivyo, ila hapa
nyingine zote ni nzima kabisa
na hakuna inayoweza kuthibitisha.

Nina balbu moja ya akiba, imefungwa kwa pamba
ndani ya kopo la dawa ya kikohozi.
Toa ya kwanza, tia hii, chomeka, tazama.
Giza.
Chomoa, irudishe. Ya pili.
Giza.
Nilifika ya kumi na sita saa nne usiku,
vidole vyekundu, supu ya bitiruti imepoa,
nikaanza upya kutoka mkiani,
kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mfuko uleule aliokwisha kuupekua.

Ndipo nikakumbuka betri, ile ya mraba ya redio.
Nikaigusisha kila balbu, moja moja, kwenye ncha zake,
na ndani ya kioo ukatokea wekundu hafifu, wa kaa la mwisho:
hai. Hai. Hai.
Ya nne, kimya.
Hai, hai, hai, hai, hai, hai.
Ya kumi na moja, kimya.

Kumbe ni mbili.
Kila nilipoiponya ya nne
ya kumi na moja ilikuwa imekata njia,
na nilipoiponya ya kumi na moja
nilikuwa nimekwisha kumrudisha maiti mahali pake,
kwa adabu, kwa mpangilio.
Kamba hukatikia pembamba, wanasema.
Hawakusema ikiwa na pembamba mbili ufanyeje.

Baba angejaza soketi kwa karatasi ya chokoleti.
Zingewaka. Lakini fungu la asiyekuwepo
hugawiwa waliobaki: kila moja huwaka kwa ukali zaidi
na kufa mapema.
Mama aliyajua hayo. Baada ya baba
aliwaka hivyo miaka tisa.

Leszek analo bati la vifungo la mama.
Ndani, chini kabisa, kuna balbu za volti kumi na nne,
tatu au nne, naukumbuka mlio wake.
Alilichukua siku tuliyogawana vyombo,
siku niliyosema neno lile, naye akasema lake.
Krismasi sita. Muda wote nilijiambia
mwenye kosa ni mmoja tu.

Simu ililia mara tano.
"Bożena?"
Sikuuliza hali. Nilisema: nahitaji balbu,
ya uzi wa zamani.
Nikasikia kiti kikisogezwa, droo, kifuniko,
vifungo vikimwagika mezani vyote kwa pamoja,
kisha pumzi yake, pumzi ya mtu mzito aliyeinama.
"Nyekundu ipo," alisema. "Ya bluu ina ufa kidogo."
Akanyamaza.
"Umeshachomoa?"