Kiraka cha Kushoto

Mimi Vatsala, fundi cherehani wa Barshi,
duka la tatu ukipita kinu cha pamba kilichofungwa,
nimelipa rupia mia na ishirini
kumtazama msichana wa Mumbai akiivaa kazi yangu.

Ile ya kwanza ilikuwa ya Kimarathi, ya kwetu,
ya fedha za kuungaunga. Walikuja na lori moja
mwaka ule visima vilipotoa tope.
Mwigizaji wao, binti wa mwalimu wa Pandharpur,
akanaswa na msumari mlangoni mwa basi:
kiwiko cha blauzi, chaa!
Na blauzi ilikuwa hiyo hiyo moja.
Hilo halikuandikwa popote. Mwongozaji alishika kichwa.
Nikaitwa mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili,
sina kitambaa cha kufanana nayo,
nikakata pindo la sari ya arusi ya mama,
kijani cha bawa la kasuku,
na kipigo nilichopata nyumbani ni hadithi nyingine.

Jua lilikuwa limekwisha. Dagadu, mtu wa taa,
akanishikia taa karibu kabisa
ili mkono wangu usiitie kivuli sindano.
Hatukuzungumza. Alisema tu, "Uzi umeisha."
Haukuwa umeisha.
Nikatunga mwingine.

Kwetu anayeondoka hasemi "naenda."
Kwenda ni kwa maiti. Husema "naja,"
hata kama mzigo uko begani na mguu uko nje.
Mwisho wa sinema yule binti alipanda basi, akasema "naja,"
kiraka changu kikapita dirishani,
na ukumbi mzima ukaangua kilio, maana tulimwelewa.
Dagadu naye alisema vivyo hivyo,
amekalia masanduku ya taa juu ya lori.

Miaka ishirini na sita.

Sasa Mumbai wameinunua hadithi, wameifanya ya Kihindi.
Barshi imekuwa mji wa milimani wenye ukungu,
basi limekuwa treni,
baba mwalimu ana hoteli na farasi wawili.
Sawa. Aliyenunua ng'ombe hapangiwi malisho.
Lakini kiraka wamekibakiza!
Cha hariri, kimetariziwa pembeni, kinametameta,
kwa kuwa tu kilikuwepo. Hakuna aliyeuliza kilitoka wapi.
Msichana ana kabati lililojaa nguo,
kiwiko chake hakijawahi kukutana na msumari,
na kiraka anacho.
Tena wamekiweka kulia.

Pale stesheni akasema, "Naenda."
Nikashika kiti. Neno hilo!
Nikajua huyu ndiyo basi, huyu amejizika mwenyewe.
Akarudi.
Baada ya nyimbo mbili akarudi, na mwavuli mwekundu,
na kijana bado yupo pale pale kwenye benchi
kana kwamba treni ni za wengine.
Watu wakapiga miluzi. Nilitaka kucheka,
nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kusema nikitoka,
kumbe uso umelowa hadi kwenye ukosi.
Revati, binti wa kaka yangu, akaninong'oneza,
"Shangazi, unalia nini? Si wamekutana?"
Ndiyo, nikamwambia. Wamekutana.

Tangu Jumatatu wasichana wa chuo wamejaa dukani
na vitambaa vipya vyenye ugumu wa kiwandani,
wanataka nivichane kidogo, halafu nitie kiraka.
Rupia themanini, nusu kabla.
Mkasi unaingia kwenye kitu kizima
nami nasikia mlango wa basi.
"Kulia, shangazi, kama kwenye sinema."
Naitikia kwa kichwa, midomo imebana pini.
Nageuza mkono wa nguo.
Nashona kushoto.