Mita Moja, Wapangaji Wanne

Aliyeniuzia gari alisema kumi na mbili.
Yuniti kumi na mbili kwa kilomita mia,
akalipiga boneti kofi kama muuza ng'ombe,
akanionyesha karatasi yenye muhuri, isiyo na vumbi.

Dashibodi inasema kumi na tano.

Mita ya LUKU haisemi. Inapungua tu,
na katika nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Tatu
mita ni moja, wapangaji wanne,
na tangu waya wangu upite dirishani
kila mmoja amekuwa mhasibu.
"Gari lako linakula kama bwana harusi,"
anasema Mama Semboja, mwenye friji ya barafu za kuuza.

Nikanunua daftari.

Jumatatu. Muheza, kwenda: kumi na saba. Kurudi: kumi na tatu.
Miaka yote nilidhani njia ile ni tambarare;
miguu ya abiria haijui mlima wa polepole.
Jumatano. Nimemngoja Hizza nje ya Bombo,
vioo juu, kiyoyozi kinapuliza, betri inashuka,
na sijasogea hata hatua.
Nigawe kwa kilomita ngapi?
Ijumaa. Nimejaza upepo matairi, Chumbageni.
Kumi na nne na nusu! Nikacheka peke yangu.
Jumapili. Mvua, maji yanavuta magurudumu: kumi na sita.

Lakini ukutani hesabu haikukubali.
Basi usiku wa saa nne nikawaomba wazime vyote,
feni, taa, redio, hata friji,
tukakaa ukumbini na tochi moja kama walio msibani.
Mita: arobaini na moja nukta sita.
Saa sita: thelathini na saba kamili.
Zimetoka nne nukta sita.
Gari linakiri kupokea tatu nukta nane.

"Na hizo nyingine?" akauliza Mama Semboja.
Nikamshika mkono, nikauweka juu ya chaja.
Akauondoa haraka.
"Kumbe barafu yangu inayeyuka
ili hili dude lipate joto!"

Ndivyo. Atekaye kisimani hafiki na ndoo nzima,
na kisima hakihesabu kilichofika,
kinahesabu kilichotekwa.
Muuzaji hakunidanganya, labda;
karatasi yake ilipimwa pasipo jua la Tanga,
pasipo Hizza, pasipo Muheza.
Dashibodi nayo haikudanganya. Inajua betri,
haijui ukuta.
Mimi nalipia ukuta.
Nikaandika kumi na nane, nikapiga mstari chini,
nikahesabu fedha mbele yao wote.

Asubuhi daftari halikuwepo mezani.
Nilimkuta nalo Mama Semboja, miwani puani,
amegeuza ukurasa mpya, ameandika FRIJI,
na anamfokea mwanawe
afunge mlango wake upesi.